Kitenge cha Shangazi

Sibwesa, 2 Machi 2025

Kwako Dada Leticia,

Pokea salamu zetu kutoka huku shambani. Mimi sijambo. Bibi Specioza naye hajambo, isipokuwa goti linamsumbua mvua ikinyesha, na mvua ya mwaka huu haijui kupumzika. Mahindi yamestawi. Ng'ombe wa jirani wameingia tena kwenye mpunga wangu, nikaenda kugomba, nikaishia kunywa uji kwake. Unamjua mdogo wako alivyo hodari wa ugomvi.

Sasa shika moyo. Verdiana amejifungua mtoto wa kiume. Alizaliwa mwezi wa kwanza na hatukutangaza. Sababu unaijua: wale wawili wa mwanzo tuliwatangaza haraka na tukawazika haraka. Huyu tumemnyamazia mpaka tuone kama amekuja kukaa. Ananyonya vizuri, analia kama mtu mwenye shamba lake. Verdiana anamfunika mno, hata mikono, lakini ndivyo walivyo kina mama.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mtandao unashika kilimani kwenye shule tu, na pale ukiongea na dada yako umeongea na kijiji kizima. Barua naipeleka Mpanda nikienda kufuata mbolea, naikabidhi ofisi ya basi, nawe unaichukua stendi huko Dar. Inachelewa, lakini hakuna anayeisikiliza.

Ombi langu unalijua tayari. Njoo umtoe mtoto nje. Shangazi yake ni wewe mmoja tu, na katika ukoo wetu tangu zamani mtoto havuki kizingiti wala hapewi jina mpaka shangazi ambebe. Mpaka leo tunamwita Mgeni. Ukishindwa kabisa, tuma kitenge ulichokivaa, kisifuliwe, tumvingirishe tumtoe nacho, wewe utatuma jina. Lakini usishindwe, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Sylvanus


Dar es Salaam, 14 Machi 2025

Mpendwa Sylvanus,

Nimesoma barua yako nimesimama pale pale stendi, mpaka mbeba mizigo mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia nimezaliwa! Mshukuru Verdiana kwa niaba yangu. Mwambie wifi yake amecheka peke yake njia nzima.

Mimi ni mzima. Kazi ya maabara imezidi, tunaingia asubuhi na kutoka giza likiwa limeshika. Getrude, yule rafiki yangu wa Magamba ninayekaa naye, anawasalimu sana. Mwisho wa juma lijalo anakwenda kwao kuwaona wazazi.

Sylvanus, siwezi kuja sasa. Usinikasirikie. Kuna jambo la kazi linanifunga, si ruhusa tu, ni zaidi ya ruhusa, na siwezi kulieleza kwenye karatasi. Likiisha nitakuja, nadhani baada ya Pasaka. Mtoto amekaa ndani tangu mwezi wa kwanza, akae kidogo tena.

Pamoja na barua hii nimetuma kitenge. Ni kipya, nimekichagua mwenyewe Kariakoo, chenye maua ya bluu. Mvingirisheni hicho, na jina nitalileta mwenyewe. Na Bibi asipewe habari nyingi za kazi yangu. Mwambieni napima malaria.

Dada yako,
Leticia


Sibwesa, 22 Machi 2025

Dada Leticia,

Hatujambo. Mvua bado. Daraja la chini limeanza kumong'onyoka, wenye pikipiki wanavusha watu kwa kubeba mgongoni.

Kitenge kimefika. Bibi alikishika, akakinusa, akakirudisha kwenye mfuko. Akasema, "Hiki hakina mtu. Hiki kina duka." Verdiana alikwenda jikoni, nikamsikia analia. Sasa nikuulize, kwani tulikuomba nguo? Nguo zipo Mpanda, tena za bei poa. Tulikuomba wewe. Tungepata jasho lako tu lingetosha.

Watu wa hapa wana midomo. Wanasema wewe umesoma, unaona kinyaa kumgusa mtoto wa mkulima. Wengine wanasema hukumpenda Verdiana tangu siku ya mahari. Mimi nawajibu, lakini majibu yananiishia. Hilo jambo la kazi ni jambo gani lisiloweza kuandikwa? Una mimba? Umefungwa? Umeokoka ukaacha mila? Niambie mimi.

Mtoto hawezi kungoja Pasaka. Usiniulize kwa nini, nakwambia tu hawezi. Usipotuma kitenge cha kweli nitatafuta njia yangu.

Sylvanus


Dar es Salaam, 29 Machi 2025

Mdogo wangu,

Habari za hapa ni nzuri, joto tu ndilo linatuua. Getrude alishaondoka, nipo peke yangu, na labda ndiyo maana leo nina ujasiri wa kuandika. Soma barua hii ukiwa peke yako. Verdiana utamweleza wewe. Bibi asijue kabisa.

Sijaona kinyaa. Sina mimba. Nimechanjwa ndui.

Najua utashangaa, maana ndui iliisha duniani kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Lakini virusi ndugu zake wapo, kama hii homa ya nyani inayotangazwa redioni, na kazi yetu mpya ni kuviotesha na kuvichunguza. Mwaka jana mwenzetu Japhet alijichoma na sindano yenye virusi vya aina hiyo. Alifungiwa chumba peke yake, tukawa tunampungia mkono kwenye kioo, na hakuna aliyejua kama atatoka. Alitoka. Baada ya hapo ikaamuliwa kila anayeshika kazi ile achanjwe kwanza. Ipo chanjo mpya isiyoacha kidonda, ila kwetu haikupatikana, tukapewa ile ya zamani. Wanakuchoma choma begani na kijisindano chenye ncha mbili, panatoka lengelenge, panakuwa kidonda, halafu kigaga. Mimi nilichanjwa mwanzoni mwa mwezi huu.

Sasa elewa hapa. Kile kidonda kina uhai ndani yake. Si ndui, ni ndugu yake mpole, lakini kinaambukiza. Mpaka kigaga kidondoke chenyewe siruhusiwi kumbeba mtoto mchanga. Hata nguo iliyogusa kidonda isimguse. Nguo zangu naziweka kwenye ndoo yenye mfuniko na kuzichemsha mwenyewe. Getrude nimemwambia nina jipu.

Kwa mtu mwenye ngozi nzima, hata akiambukizwa, mara nyingi ni kidonda kimoja tu na kinapona. Kwa mwenye ukurutu ni habari nyingine. Kinasambaa mwili mzima na kinaua. Mtoto ngozi yake ni nzima, siyo? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Kwa ajili ya Bibi. Umesahau uso wake? Wewe ulikuwa mdogo, lakini mimi nilimwona siku mwalimu alipomuuliza yale makovu ni ya nini. Hakula siku ile. Yeye ndiye aliyepata ndui kwanza pale kwao, wadogo zake wakafuata, na ni yeye peke yake aliyebaki. Nitamwambiaje kwamba nimekubali kutiwa kitu cha jamii ile mwilini, tena kwa mshahara? Niliogopa, Sylvanus. Naogopa hata sasa.

Leticia


Sibwesa, 31 Machi 2025

Dada yangu mpenzi!

Leo nakuandikia nikicheka. Barua hii nampa mchuuzi wa dagaa anayekwenda Mpanda, maana mimi sina nafasi ya kutoka, nyumba imejaa watu.

Kitenge kimefika! Getrude alikileta mwenyewe juzi, na nilipokivuta kwenye mfuko Bibi aliyekaa kitako akasimama. "Huyu ndiye Leticia," alisema, "mafuta yake yale yale." Hapo hapo tukamvingirisha mtoto, Verdiana akamvusha kizingiti, wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Tangu hapo hatujakitoa mwilini mwake. Analala nacho.

Sasa naweza kukwambia lile nililolificha. Mtoto ana ngozi mbaya. Ilianza mashavuni akiwa mdogo kabisa, ikashuka shingoni, viwiko, nyuma ya magoti. Inachanika na kutoa maji, anajikuna usiku kucha, ndiyo maana ya kumfunika mikono. Tulimpaka dawa za majani. Sikukwambia kwa sababu wewe ni mtu wa hospitali, ungemgombeza Verdiana, naye ameshagombezwa vya kutosha. Wazee walisema ngozi inamkataa kwa kuwa hajatolewa nje, ndiyo maana nilikukaba koo. Sasa ametoka, ngoja tuone.

Watu wote wanakusifu. Bado jina tu. Litume upesi.

Mdogo wako mwenye furaha,
Sylvanus


Magamba, 4 Aprili 2025

Sylvanus,

Leo sikusalimii. Maneno haya ni yangu, mkono ni wa Getrude. Simu yako haipatikani tangu asubuhi, kwa hiyo namsomea yeye kwenye simu na anaandika, halafu anapanda pikipiki kuja kwako sasa hivi. Akikukabidhi, mtoe mtoto kwenye kitenge kwanza ndipo uendelee kusoma.

Umemtoa? Kitenge kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, kikae mbali na watu. Kisifuliwe kwa mikono mitupu. Aliyekigusa anawe kwa sabuni. Verdiana asijishike machoni. Barua yangu ya tarehe 29 ipo ofisi ya basi Mpanda, inaeleza kila kitu, lakini usiingoje. Mpelekeni mtoto hospitali Mpanda leo, hata kama mnamwona mzima. Daktari umwambie hivi, usipunguze: mtoto ana ukurutu, na amelala kwenye nguo yenye majimaji ya chanjo ya ndui. Akikwambia chanjo hiyo haipo siku hizi, mpe namba yangu.

Mimi sikutuma kile kitenge. Kilikuwa kwenye ndoo. Nilikivaa usiku, bandeji ilikuwa imelowa. Getrude amekiri kwamba ni wewe uliyempigia simu na kumwomba akichukue bila kuniambia. Hayo tutayaongea mtoto akiwa mzima.

Leticia

(Sylvanus, mimi Getrude. Nimeandika mbio, samahani kwa mwandiko. Uliniambia ni mila tu, utamfurahisha dada. Nakuja.)


Mpanda, hospitalini, 10 Aprili 2025

Leticia,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Simu unanipigia kila saa na mimi siipokei, najua. Nikisikia sauti yako nitasema maneno mabaya, na karatasi angalau naweza kuichana.

Tulipofika hakuwa na kitu zaidi ya ngozi yake ya siku zote. Kesho yake malengelenge yakatoka shingoni. Sasa yapo usoni, mikononi, kila pale palipokuwa na ukurutu. Jicho moja limefumba. Homa haishuki. Wamemtenga chumba cha peke yake, wauguzi wanaingia wamevaa mpaka kichwani. Daktari kijana aliyeongea na nyie huko maabara anakuja kila baada ya muda, anamtazama, anaandika, anatoka.

Verdiana ana lengelenge moja kidoleni. Daktari akamkataza kumbeba mtoto, akawa anakamua maziwa na mwingine anamnywesha. Fikiria hilo. Mtoto analia upande wa pili wa ukuta na mama yake amekaa chini na kikombe mkononi.

Jana Bibi alikuja. Hakuna aliyemwita. Alipanda pikipiki, na goti lile, akashuka hapa ametapakaa tope. Ilibidi nimwambie yote, na ndui, na maabara, na bega lako. Nilidhani ataanguka. Akanikazia macho, akasema, "Huu ugonjwa mimi unanijua. Nipisheni." Daktari akamwangalia makovu, akampigia mtu simu, akamruhusu. Walimvalisha glavu, akazivumilia. Tangu jana amemshika mtoto, hajamlaza chini. Anamnywesha na kijiko.

Usiku alimwachia muuguzi mtoto kidogo, akatoka kujinyoosha, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipougua walimjengea kibanda mbali na nyumba, chakula wanamsukumia kwa mti mrefu. Mama yake alikuwa anasimama mbali anamwita jina ajue kama yu hai. Hakuna aliyemgusa mpaka alipopona. Akasema, "Mwambie Leticia mimi si yai. Angeniambia mimi kwanza, kile kitenge ningekijua kwa macho."

Verdiana hataki kulisikia jina lako. Anaamini ulituma ukijua.

S.


Dar es Salaam, 12 Aprili 2025

Sylvanus,

Barua hii anakuja nayo Dokta Yustina wa maabara yetu, kwa ndege ya leo. Amebeba dawa. Ni kinga inayotolewa kwenye damu ya watu waliokwisha kuchanjwa, ni adimu sana duniani, na mkuu wetu ameitafuta nchi tatu mpaka ikapatikana. Mwache afanye kazi yake. Akikuuliza mtoto amekula nini, amepakwa nini, mwambie ukweli wote na dawa za majani pia.

Niliomba kuja naye. Kigaga bado kimeshika, wamenikatalia. Nakaa hapa na bega langu, nalitazama. Nimeulizwa maswali kazini mchana kutwa, nimejibu yote. Waliniuliza kama ningekubali tena kuchanjwa, nikasema ndiyo. Usikasirike. Wakati huu wagonjwa wa homa ya nyani wanaongezeka, na sampuli zao lazima zishikwe na mtu. Kosa langu si chanjo. Kosa langu ni kwamba kwenye fomu waliniuliza naishi na nani, nikajibu vizuri, halafu nikawaficha watu wangu mwenyewe.

Lakini lipo na la kwako. Unasema Verdiana anaamini nilituma nikijua. Na wewe umekaa kwenye benchi unamwacha aamini? Mwambie ni nani aliyekiomba kile kitenge, tena kwa siri. Mimi nitabeba mzigo wangu, Sylvanus, ila wa kwako sitaubeba. Nimekubeba mgongoni tangu mama alipofariki, nimechoka. Mwambie.

Kama mtoto ataondoka, usiniandikie. Nipigie.

Leticia


Sibwesa, 18 Mei 2025

Dada Leticia,

Salamu. Tumerudi nyumbani sote tangu juzi, na hapa mahindi yanavunwa, nimekuta jirani amenivunia mistari ya mbele bila kuombwa. Nimeshindwa hata kumgombeza kwa ajili ya wale ng'ombe.

Mtoto ni mzima. Dokta Yustina atakuwa alikwambia, lakini naliandika hili mapema usije ukasoma barua yote kwa kutetemeka. Ile dawa ilianza kushika siku ya tatu, homa ikashuka, malengelenge yakakauka. Jicho limefunguka, linaona. Amebaki na makovu shingoni na shavu la kushoto. Bibi anayapapasa, anacheka, anasema sasa kuna mtu wa kufanana naye. Daktari ametupa mafuta ya ule ukurutu na ametufundisha kumwogesha. Kidole cha Verdiana kimepona.

Nilimwambia Verdiana. Sikumwambia siku ile uliyoniandikia, nilikuwa mwoga, nikangoja mpaka mtoto alipoanza kunyonya tena. Nikamwambia mimi ndiye niliyempigia Getrude, na wewe hukujua. Hakunipigia kelele. Alinyanyuka akaenda kwao Magamba na mtoto, nikarudi Sibwesa mimi na Bibi tu. Nilimfuata mara mbili, mama mkwe akanipa kiti uani na maji ya kunywa, Verdiana hakutoka. Mara ya tatu alitoka na mzigo wake, tukarudi pamoja.

Jina amempa yeye mwenyewe. Anaitwa Marselino. Wazee walisema mama hatoi jina, akawaambia wamtaje mtu mwingine aliyekaa nje ya ule ukuta akikamua maziwa. Wakalikubali. Mimi naliona ni jina zuri. Pole, dada. Najua ulikuwa na la kwako.

Nimemuuliza kama unaweza kuja kumwona. Usiku ule akipakua ugali akasema haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Aje. Ila hapa kwangu asiingie kama alivyozoea, moja kwa moja mpaka chumbani kana kwamba ni kwa baba yake. Abishe hodi nje, asubiri. Nikiitikia ataingia."

Ni hayo tu.

Sylvanus


Dar es Salaam, 25 Mei 2025

Mdogo wangu Sylvanus,

Msalimie Bibi. Kigaga kilidondoka siku nyingi, daktari amenikagua na kuniandikia kwamba sina tena cha kuambukiza. Nimepata likizo. Nakuja na treni ya Ijumaa, usihangaike kunifuata Mpanda.

Jina nililokuwa nalo sitakwambia, wala wewe usilitafute. Mtoto ni Marselino.

Mwambie wifi nimesikia. Nitabisha hodi. Asipoitikia siku ya kwanza nitalala kwa jirani, na kesho yake asubuhi nitabisha tena.

Dada yako,
Leticia